Grini Inayokimbia, Ardhi Iliyokaza

Mwaka jana niliandika kurasa saba kuhusu grini za gofu kwa saa nne, usiku, nikiwa kitandani na laptopu juu ya mapaja. Sijawahi kucheza gofu. Oda ilitoka kwa mwanafunzi wa Marekani anayesomea utunzaji wa nyasi za viwanja (naam, huko kuna digrii ya nyasi) na swali lake lilikuwa fupi: eleza uhusiano kati ya ugumu wa grini na kasi yake. Nikapitia tovuti kadhaa, nikaona kila mahali maneno hayo mawili yanatembea pamoja kama chanda na pete, nikahitimisha kwamba ni kitu kimoja chenye majina mawili. Grini ikikauka inakuwa ngumu, ikiwa ngumu mpira unakimbia. Basi. Nikayaandika hayo kwa Kiingereza kilichonyooka, nikapanga marejeleo, nikatuma saa tisa na robo. Mteja alipata A. Mimi nikapata hela ya kodi ya nyumba, karibu nusu.

Nilichokiandika hakikuwa kweli.

Wengi wenu mnaosoma hapa mnaijua kazi hii, hata kama hamuitaji jina mbele ya watu. Niliacha chuo mwaka wa tatu. Nilikuwa nasoma takwimu, karo ilikuwa inasumbua, halafu nikagundua kwamba kuandika insha za wenzangu wa ng'ambo kunalipa haraka kuliko kuandika zangu. Kwanza nilikosa kipindi kimoja ili nimalize oda, kisha mtihani mmoja, kisha muhula. Hakuna siku niliyoamua kuacha. Siku moja tu niligundua nimeacha.

Aliyenifungua macho kuhusu grini ni mjomba wangu, na hakuwa amekusudia. Mjomba alifanya kazi miaka 19 kwenye klabu moja ya gofu pembezoni mwa Nairobi. Aliingia kama kedi wa kubeba mifuko, akahamia kukata nyasi, akamaliza akiwa msimamizi wa grini zote 18. Siku hizi anauza miche na nyasi kando ya barabara, zile bustani za kwenye vumbi ambazo ukipita na matatu unaona mitungi ya udongo na maua ya mabomba. Nilimtembelea Jumapili moja, nikamwambia kwa majigambo kwamba sasa mimi pia ni mtaalamu wa grini. Nikamsomea aya mbili za kurasa zangu, nikimtafsiria.

Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, "Na huyo aliyekulipa, anaenda kuchunga uwanja?"

Nikasema labda, akimaliza shule.

"Mungu awasaidie hizo nyasi."

Akaniita nyuma ya banda. Ana kipande kidogo cha nyasi pale, mita nne kwa mita tatu hivi, alichokipanda kama grini kwa sababu, nadhani, hawezi kuacha. Alikuwa amekimwagilia asubuhi ile. Akatoa mpira wa gofu mfukoni, akaubingirisha kwa mkono, na mpira ukateleza hadi ukingoni bila kusitasita. "Ina kasi ama haina?" Inayo. Akauokota, akauinua juu ya kichwa, akauachia. Mpira ulianguka kwa sauti ya *dup*, ukabaki pale pale, umejichimbia kishimo. Akaninyooshea kidole kwenye kile kishimo. "Hapo chini ni uji. Juu nimenyoa tu. Ukimnyoa mtu kipara kichwa kitateleza, lakini hujamfanya awe mgumu."

Kwa hivyo nieleze vizuri sasa, bure, kile nilichokieleza vibaya kwa malipo.

Kasi ni habari ya juu. Ni mpira na ncha za majani, basi. Ukitaka kasi unashusha kisu cha mashine, kutoka milimita tano hadi nne, hadi tatu, unakata mara mbili kwa siku, unapitisha rola. Aina ya nyasi ina neno lake, na upande zinakolala, na kama kuna umande. Ugumu ni habari ya chini, ya zile sentimita chache za kwanza za udongo: kuna mchanga kiasi gani, maji yanatoka au yanatuama, lile tabaka la mizizi na majani yaliyokufa limekuwa nene kama godoro au limepunguzwa. Kasi mpira unaiona ukiwa unabingirika. Ugumu unauona unapotua kutoka angani. Kwenye grini laini mchezaji hana haja ya kufikiri sana, anapiga juu na mpira unakwama ulipoangukia kama mshale ubaoni. Kwenye grini iliyokaza mpira unaruka na kuendelea na safari, na mtu inabidi awe ameshajiuliza tangu shoti ya kwanza: nitafika pale nikitokea upande gani?

Kwa hivyo unaweza kuwa na grini laini yenye kasi, kama kile kipande cha mjomba. Na unaweza kuwa na grini ngumu isiyo na kasi kubwa. Huko St Andrews, Uskoti, gofu inachezwa juu ya mchanga wa pwani uliokaza tangu enzi, lakini hawathubutu kunyoa sana kwa sababu ya upepo. Mwaka 2015, kwenye shindano la The Open, upepo wa Jumamosi ulisogeza mipira iliyokuwa imetulia kabisa, wachezaji wakaondoka uwanjani na mchezo ukasimama zaidi ya saa kumi. Nyasi zingekuwa fupi zaidi sijui wangechezea wapi.

Kitu cha kushangaza ni jinsi kasi ilivyopata namba na ugumu ukabaki bila. Mwaka 1935 kulikuwa na U.S. Open huko Oakmont, Pennsylvania. Mtazamaji mmoja, Edward Stimpson, mchezaji wa ridhaa kutoka Massachusetts, alimwona Gene Sarazen akiputi mpira ukapitiliza grini yote hadi kwenye banka la mchanga. Akajiuliza kama grini zile zilikuwa za haki. Akaenda nyumbani akachonga kifaa cha mbao cha kupimia. Miaka ya 1970 chama cha gofu cha Marekani, USGA, kikakitengeneza upya kwa aluminiamu na mwaka 1978 kikaanza kuwapa watunza viwanja. Ndiyo stimpmita. Ni kijiti chenye mfereji, urefu wa inchi 36, kama sentimita 91. Unaweka mpira kwenye kidato, unainua kijiti polepole, na kinapofika mwinamo wa kama digrii 20 mpira unajiachia wenyewe. Unapima umebingirika futi ngapi. Mara tatu kwenda, mara tatu kurudi, unatafuta wastani. Mtu wa takwimu aliyeacha chuo anaweza kabisa.

USGA walipozunguka kupima grini za Marekani miaka hiyo ya 70, wastani ulikuwa futi 6 na nusu. Jedwali lao la wakati huo liliita futi 8 na nusu "kasi kubwa" kwa wanachama wa kawaida. Leo mashindano makubwa yanaenda 12, 13, na mwanachama wa kawaida anayerudi kutoka safarini anauliza kwa nini ya kwetu ni 9. Kuna klabu zimebomoa grini za zamani zenye miteremko mizuri na kuzisawazisha, kwa sababu kwa kasi ya leo mpira haukai tena kwenye mteremko ule. Yaani namba imeanza kuchonga ardhi.

Na lengo la kijiti halikuwa hilo hata kidogo. Kilitolewa ili mtunzaji ahakikishe grini ya kwanza na ya kumi na nane zinafanana, mchezaji asishtukizwe. Kilikuwa chombo cha ndani, kama kijiko cha jikoni. Kilipogeuka kuwa namba ya kuandikwa ubaoni karibu na shimo la kwanza, kila klabu ikaanza kuchungulia ubao wa jirani.

Ugumu nao unapimika, nisije nikaufanya uchawi. Mwaustralia Baden Clegg alibuni nyundo ya kupima tabaka za chini za barabara, unaidondosha kwenye bomba na inakuambia ardhi imeipokea vipi; watu wa viwanja wakaichukua. Lakini kile kijiti ni rahisi na kila mtu anakielewa. Klabu ya mjomba ilikuwa na kijiti. Nyundo hawakuwa nayo. Ugumu mjomba aliupima kwa kisigino, kwa kidole gumba, na kwa kusikiliza mipira ikitua.

Sasa niseme kilichomtoa kazini.

Ilikuwa mwezi wa pili, jua la Nairobi lile la kabla ya masika. Klabu ilikuwa na shindano la wikendi na wageni kutoka klabu nyingine. Grini zao kwa kawaida zilikuwa kati ya 8 na 9, na chini ya nusu yake kuna udongo mweusi, ule unaovimba ukinyeshewa na kupasuka ukikauka. Siku sita kabla ya shindano, mkubwa mmoja wa kamati akamwita mjomba akamwambia wanataka 11. Mjomba akajibu, "Mkubwa, nyasi zimechoka. Nyakati hizi tunaziacha zipumue." Akaambiwa hiyo ni kazi yake, atafute njia.

Njia zinajulikana. Ukitaka kufika huko kihalali unaanza miaka mingi nyuma: unatoboa matundu, unamwaga mchanga kidogo kidogo kila mwezi, unatengeneza mitaro, unapunguza godoro. Grini inakaza yenyewe, mizizi inashuka, na siku ukishusha kisu nyasi zina pa kushika. Mjomba alikuwa ameomba pesa ya mchanga miaka mitatu mfululizo. Mchanga hauonekani. Wanachama wakiona wafanyakazi wanatoboa grini wanalalamika kwamba mchezo umeharibiwa. Basi yeye alikuwa na siku sita. Akashusha kisu kutoka milimita nne na nusu hadi tatu, rola asubuhi na jioni, akafunga maji.

Kufikia Jumamosi grini zilikuwa zimekauka hadi zikawa ngumu kama chapati ya juzi, na kijiti kilisoma 11 na inchi nne. Namba ya juu kabisa katika miaka yake 19. Wageni walisifu. Mkubwa yule alimshika mkono mbele ya watu. Jumatatu nyasi zilikuwa na rangi ya samawati ile ya kiu. Jumatano zilikuwa kahawia. Grini nne zilifungwa hadi mvua, watu wakachezea vibendera vilivyochomekwa kwenye feiwei, na mwezi wa nne mjomba akapewa barua yenye neno "uzembe".

Nilipoisikia hadithi hii kwa ukamilifu, pale kwenye banda, nilikuwa tayari nimeshaandika insha kichwani. Mnaijua. Mkubwa anataka namba, mfanyakazi anaijua ardhi, namba inashinda, mfanyakazi anaadhibiwa. Swali la kimaadili limejijibu. Nikamwambia mjomba kwamba kosa lote ni lao.

Akasema, "Si lote."

Nikangoja.

"Mimi pia nilitaka kuiona."

Alitaka kuiona 11. Miaka 19 anasoma nane na nusu, tisa, nane na robo. Akasema Ijumaa jioni, baada ya kila mtu kuondoka, alirudi peke yake na kijiti kwenye grini ya tano akaachia mpira, na ukaenda, ukaenda, akajisikia kama aliyejenga kitu. Alijua zinakufa. Kisigino chake kilimwambia tangu Alhamisi. Ile siku namba ilikuwa nzuri kuliko zote ndiyo siku nyasi zilikuwa mbaya kuliko zote, na si kwa bahati: nyasi inayokufa haina nguvu ya kuuzuia mpira.

Huwa nafikiria sana jambo hilo la mwisho. Si yeye peke yake yaliyompata. Mwaka 2004, huko Shinnecock Hills, New York, kwenye U.S. Open ya siku ya mwisho, grini ya shimo la saba ilikauka hadi ikabidi imwagiliwe maji kati ya kundi moja la wachezaji na jingine. Wale ni watu wenye kila kifaa duniani. Kwa hiyo sitaki kusema shida ni kukosa ujuzi, maana mjomba alikuwa nao wote.

Mimi naona hivi, na mnaweza kunibishia. Kusema uongo na kutoa namba ya kweli iliyopatikana kwa njia ambayo ardhi haiwezi kuihimili si kitu kimoja. Ile 11 haikuwa uongo. Mpira ulikwenda futi hizo. Mtu yeyote angeweza kupima tena. Lakini kila aliyeisikia alielewa kitu kingine: kwamba grini ni nzima, kwamba wiki ijayo pia itakuwa hapa. Mjomba alijua wataelewa hivyo, akanyamaza. Mkubwa hakujua, ila hakujua kwa sababu hakutaka kuuliza swali la pili. Kati ya anayejua akanyamaza na asiyejua kwa makusudi, nani mkosaji zaidi? Nilikuwa na jibu haraka sana mwanzoni. Sasa naona mkubwa alikuwa na nguvu zaidi, na mjomba alikuwa na ujuzi zaidi, na sijui kwa nini tumezoea kudhani kosa hufuata nguvu peke yake. Ukishajua, hata ukiwa chini, kuna sehemu ni yako. Lakini ninaposema hivyo namwona mtu wa miaka 50 na kitu akiandikiwa "uzembe" kwa kufanya alichoagizwa, huku aliyemwagiza bado anaputi pale kila Jumamosi, na nataka kuifuta sentensi yangu.

Siifuti. Ila sehemu yake ameshailipia, na wenzake hata bili hawajaletewa.

Nilijaribu kurekebisha zile kurasa saba. Akaunti ninayotumia si yangu, ni ya kukodi, yenye jina na uso wa mtu mwingine. Nikamwandikia mwenye akaunti kwamba kuna kosa la msingi kwenye oda ile, nataka kumtumia mteja marekebisho bila malipo. Akajibu: "Oda imefungwa. Mteja ameshatoa nyota tano. Usiniharibie rekodi." Ndipo nikaelewa kwamba mimi pia nina ubao karibu na shimo la kwanza. Mwalimu kule aliona kurasa saba zilizonyooka, mteja akaona A, mwenye akaunti akaona nyota, na mimi nikaona M-Pesa ikilia. Wote tulipima, wote tulipata namba za kweli. Na pengine hakuna litakaloharibika. Pengine yule kijana atafanya kazi benki.

Kuna nyasi inaitwa kikuyu, asili yake ni nyanda zetu hizi za juu, na jina lilitoka hapa hapa. Iko feiwei za Riviera, Los Angeles, ambako wanaume wanalipwa mamilioni kuhangaika nayo. Mjomba anaiuza kwa gunia. Ameniambia ukiiona imetanda kijani usidhani kuna udongo mzuri chini. Inaweza kuotea juu ya kifusi, mizizi ikishikana yenyewe kwa yenyewe. Alisema hivyo huku akinitazama, au labda alikuwa anatazama barabara nyuma yangu.

Kisha akauliza, "Mama yako umemwambia?"

Mama anajua nimeahirisha muhula. Hilo lilikuwa kweli, wakati mmoja. Karo ya mwaka wa pili nusu ilitoka kwa mjomba, nusu kwa chama cha mama, na mama bado anaweka akiba ya sherehe.

"Bado," nikasema.

"Alinipigia juzi. Anauliza lile gauni la kuhitimu hukodishwa ama hununuliwa. Nikamwambia nitakuuliza."

Gari likasimama. Mwanamke mmoja akashuka akataka nyasi za kutosha ua mzima, zipandwe kesho, kwa sababu Jumamosi wageni wa ruracio wanakuja. Akauliza kama zitakuwa zimeshika. Mjomba akasema Jumamosi zitakuwa kijani, picha zitatoka vizuri, lakini wageni wasizikanyage, zinahitaji majuma sita. Mwanamke akacheka akasema wageni ni wa kukanyaga, atawaambia nini? Mjomba akainua mabega. Akalipwa nusu, akazihesabu noti, akazikunja mfukoni, akarudi nilipokuwa nimesimama.

"Hukodishwa ama hununuliwa?" akaniuliza.